Houdini, mwamba wa pingu aliyechonga funguo zake mwenyewe

BUNDA, siku ya fainali ya ndondo. Saa tisa na nusu alasiri, uwanja umejaa, vumbi juu, ngoma zinapigwa, bodaboda zimepangwa mpaka barabarani. Timu moja iko tayari inapasha misuli. Nyingine imesimama nje ya stoo ikiwa na kaptula na singlendi tu. Jezi ziko ndani. Mlango una kufuli. Mwenye ufunguo ameshapanda basi kwenda Musoma na simu yake haipatikani.

Mwamuzi alishatazama saa mara tatu. Kamati ikawa inabishana kama kufuli ivunjwe kwa nyundo, wengine wakasema mlango ni wa watu, nani atalipa? Ndipo akaletwa mzee mmoja fundi baiskeli kutoka sokoni. Alikuja na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani yake mlikuwa na vipande vya spoku alivyovipinda ncha, kipande cha msumeno wa kukatia chuma alichokichonga kikawa chembamba kama ulimi wa nyoka, na tupa ndogo. Akachuchumaa, akatia waya mmoja chini ya tundu la kufuli akaukaza kwa kidole, akatia mwingine juu akawa anatikisa taratibu huku ameangalia pembeni kama mtu anayesikiliza redio. Dakika nne hazikuisha. Kufuli likafunguka, zima, halina hata mkwaruzo.

Watu walishangilia kuliko walivyoshangilia bao la kwanza. Lakini nilisikia pia minong'ono. Huyu mzee anajuaje? Hizo si funguo malaya za wezi? Mzee alikunja mfuko wake, akadai hela ya soda, akaondoka.

Mechi ile ina jambo jingine ambalo nitalirudia mwishoni, maana ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Kwanza nikupe stori ya mtu ambaye alifanya kazi ya yule mzee wa Bunda mbele ya maelfu ya watu, London, Moscow, New York, akalipwa mamilioni ya heshima. Wachambuzi wetu wakisema straika fulani ni Houdini kwa jinsi anavyochomoka katikati ya mabeki watatu, wanamtaja yeye. Harry Houdini. Wengi tunalitaja jina, wachache tunamjua mwenyewe.

MTOTO WA MUUZA MAGAZETI? HAPANA, YEYE MWENYEWE NDIYE ALIYEUZA

Jina lake la kuzaliwa ni Erik Weisz. Alizaliwa Machi 24, 1874 katika jiji la Budapest, Hungary. Baba yake alikuwa rabi, kiongozi wa dini wa Kiyahudi. Mwaka 1878 mama na watoto walivuka bahari kumfuata baba Marekani, katika mji mdogo wa Appleton, jimbo la Wisconsin. Mji wa kawaida tu, mto, viwanda, watu wanajuana. Ukiwa umekulia Butiama unaelewa mji wa namna hiyo.

Mambo hayakwenda vizuri. Baba alipoteza kazi, familia ikahamia Milwaukee, njaa ikaingia nyumbani. Watoto wakaingia mtaani. Erik aliuza magazeti, akapiga viatu rangi, akafanya kila kibarua kilichojitokeza. Baadaye wakahamia New York, na huko akapata kazi kwenye kiwanda cha tai, kukata vitambaa. Mwaka 1892 baba akafariki, kijana ana miaka 18 na nyumba inamtazama yeye na ndugu zake.

Hapa mashabiki wa michezo msikilize. Jamaa alikuwa mwanariadha. New York alijiunga na klabu ya Pastime, akawa anakimbia mbio, anaogelea, anapiga ngumi. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, lakini shingo na mabega ya chuma. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara. Mwili huo ndio uliokuja kuwa mtaji wake. Watu walipoanza kudhani anatumia uchawi, ukweli ulikuwa mazoezi tu, kama beki wa kulia anayepanda na kushuka dakika 90 kwa sababu alfajiri alikuwa anakimbia wakati wenzake wamelala.

Jina la Houdini alilichukua mwaka 1891 kutokana na mwanamazingaombwe maarufu wa Ufaransa, Robert-Houdin. Akaanza maonyesho na rafiki yake, kisha na mdogo wake Theodore, na mwaka 1894 akamuoa Bess, binti mwembamba aliyekuwa mwimbaji, wakawa wanazunguka pamoja. Karata, leso, sanduku la kubadilishana nafasi. Hela ya kula ilipatikana kwa taabu.

SHULE YA KUFULI

Sasa kufuli alijifunzia wapi? Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba akiwa mvulana alifanya kazi kwa fundi kufuli, na siku moja akaletewa mfungwa ambaye pingu zake zimekataa kufunguka, akazifungua kwa kiwaya. Houdini alikuwa mtu wa kunogesha stori zake, hivyo ipokee kama unavyopokea stori za mkongwe anayekuambia alifunga mabao sita kwenye mechi moja. Lakini kazi ya mikono yake haina ubishi. Alinunua pingu kuukuu, alikusanya kufuli za kila aina, alizifungua kipande kwa kipande, akachora, akachonga.

Ili umwelewe inabidi uelewe kufuli yenyewe. Chukua hii ya kawaida iliyoko kwenye geti lako. Ndani kuna silinda inayotakiwa kuzunguka. Pini ndogo zimesimama kwa mstari, kila moja ina springi juu yake, na zinaizuia silinda isigeuke. Meno ya ufunguo wako yana urefu tofauti kwa sababu kila jino linanyanyua pini yake kwa kimo chake. Zote zikifika kwenye mstari mmoja, njia inakuwa wazi, silinda inazunguka. Pini moja ikizidi au ikipungua kidogo tu, kufuli imegoma. Mtindo huo wa pini ulikuwepo Misri ya kale ukiwa wa mbao, na Mmarekani Linus Yale ndiye aliyeutengeneza upya kwa chuma miaka ya 1860 kwa namna tunayoijua sasa.

Asiye na ufunguo anafanyaje? Anahitaji vitu viwili. Kimoja cha kukaza, anakitia chini ya tundu na kuisukuma silinda kidogo kama anataka kuizungusha. Cha pili ni kichokonoo, chembamba chenye ncha iliyopinda, cha kunyanyua pini mojamoja. Siri iko hapa: hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yaliyonyooka kabisa. Ukikaza, pini moja inabana kabla ya wenzake. Ukiinyanyua hiyo, silinda inasogea kidogo sana, pini inakaa, halafu inayofuata inabana. Ni kama kufungua ukuta wa mabeki wanne. Huwapiti wote kwa mpigo. Unamtafuta yule aliyesogea nusu hatua nje ya mstari, unampita huyo, ukuta unayumba, unatafuta wa pili.

Ndiyo maana vifaa vyenyewe havina mambo makubwa. Spoku ya baiskeli, ubavu wa mwavuli, kipande cha msumeno wa chuma, tupa na uvumilivu. Fundi anakisugua taratibu na kukitia kwenye maji kila mara, maana chuma kikipata moto sana wakati wa kuchonga kinapoteza ugumu na kitapinda ndani ya kufuli. Akimaliza anakilainisha kwa msasa ili kisikwaruze. Kinachobaki ni kidole. Kidole ndicho kinachosikia.

Houdini alikuwa na vidole hivyo. Na alikuwa na ujanja mwingine. Aligundua kwamba baadhi ya pingu za zamani zinaachia ukizigonga mahali panapostahili kwenye kitu kigumu, akawa anavaa bamba la risasi chini ya suruali karibu na goti kwa kazi hiyo. Aina nyingine zilifunguka kwa kitanzi cha uzi. Mwenyewe baadaye alichapisha kitabu kueleza siri za pingu, maana waigaji walikuwa wamezidi.

KARIBU AKATE TAMAA

Lakini kabla ya umaarufu kulikuwa na mwaka 1898, mwaka mbaya. Houdini na Bess walikuwa wamechoka. Alitoa katalogi ya kuuza siri zake na kufungua shule ya mazingaombwe. Wanunuzi hawakuja. Fikiria hapo: ufundi ambao ungekuja kujaza kumbi za Ulaya umewekwa mezani kwa bei ya kutupa na hakuna anayeutaka. Ni sawa na timu kumwacha mshambuliaji bure dirisha dogo, kisha akawe mfungaji bora mwaka unaofuata kwa jirani.

Mwaka 1899, St. Paul jimboni Minnesota, akaonwa na promota Martin Beck. Beck alifanya kile kocha mzuri hufanya. Alimwambia aache vitu vidogovidogo, karata na leso aziweke kando, abaki na pingu na sanduku. Mchezaji aliyekuwa anachezeshwa namba saba tofauti akapewa namba yake. Ndani ya miezi michache jina likawa kubwa.

Mbinu yake ya kujitangaza ilikuwa moja. Akifika mji mpya anakwenda kituo cha polisi, anawaambia wamfunge kwa pingu zao bora, mbele ya waandishi. Akitoka, kesho yake gazeti lina picha na ukumbi umejaa. Polisi hawakuwa wajinga, walimvua nguo na kumpekua mdomo, nywele, vidole vya miguu. Alitoka tu. Kifaa kilikuwa wapi? Mara nyingine kidogo sana hata huwezi kukiona, mara nyingine msaidizi alikuwa karibu, mara nyingine hakukihitaji kabisa.

MTU ALIYEMTANGULIA

Haki itendeke. Aliyeufanya ufundi huu kuwa pambano la hadharani ni mwingine, Mmarekani Alfred Charles Hobbs, aliyezaliwa Boston mwaka 1812. Kule London kulikuwa na duka la Joseph Bramah mtaa wa Piccadilly. Dirishani ilining'inizwa kufuli na tangazo kwamba atakayetengeneza kifaa cha kuifungua atapata gini 200. Kufuli ile ilikaa hapo zaidi ya miaka 60 bila kufungwa bao.

Mwaka 1851 London ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia. Hobbs akaja, akaomba pambano. Ikaundwa kamati ya waamuzi, kufuli ikafungwa kwenye mbao, na ilikuwa inawekewa lakiri asipokuwepo. Hobbs alitengeneza vifaa vyake mwenyewe hapohapo, akikifanyia majaribio, akikosea, akichonga kingine. Ilimchukua saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Ikafunguka. Wenyeji walilalamika kwamba alipewa nafasi ambayo mwizi hawezi kuipata, lakini gini 200 zikalipwa. Waingereza waliokuwa wakijisifu kwa kufuli zao wakalazimika kutengeneza bora zaidi. Faida ya kufungwa ni hiyo: ukijua tundu lilipo, unaliziba.

USIKU WA BLACKBURN

Mwaka 1900 Houdini alivuka kwenda Ulaya. London ikamkubali, Ujerumani ikamgombania. Lakini Ujerumani polisi mmoja wa Cologne, Werner Graff, akadai hadharani kwamba jamaa ni tapeli. Wengi wangenyamaza. Houdini akamshtaki kwa kumchafulia jina. Mwaka 1902 mahakamani ikabidi aonyeshe kazi mbele ya waamuzi wa kweli, akafungua mnyororo na kufuli akiwa amezungukwa na watu wa sheria. Akashinda. Graff akakata rufaa, Houdini akashinda tena. Mechi na marudiano.

Mwaka huohuo, Oktoba 24, 1902, akafika Blackburn. Ndiyo, mji uleule wa Rovers mliowajua kwa ubingwa wa 1995. Katika ukumbi wa Palace akajitokeza mwenye shule ya mazoezi ya viungo mjini hapo, William Hope Hodgson, ambaye baadaye aliandika riwaya za kutisha. Hodgson alijua mwili wa binadamu, anajua msuli unachoka wapi. Alikuja na minyororo na pingu zake mwenyewe. Houdini alizitazama akasema zimechezewa, matundu hayako sawa. Alikuwa na haki ya kugoma. Akacheza hivyohivyo.

Hodgson alimfunga mikono ikiwa imevutwa nyuma, akampigisha magoti. Dakika 15 zikapita, 30, saa nzima. Houdini aliomba alegezewe kidogo damu irudi mikononi, Hodgson akakataa. Ukumbi ulikuwa upande wa mgeni sasa, mashabiki wanamzomea mtu wa kwao. Baada ya karibu saa moja na dakika 40 Houdini akatoka, shati limechanika, mikono imevimba, damu inatoka. Alisema hajawahi kufanyiwa ukatili kama ule katika kazi yake. Lakini alitoka. Ushindi wa ugenini kwenye uwanja mbovu.

PINGU ZA GAZETI

Pambano linalokumbukwa zaidi ni la Machi 17, 1904, ukumbi wa Hippodrome, London. Daily Mirror lilikuwa gazeti changa, halijamaliza hata mwaka, linatafuta wasomaji. Likatafuta fundi wa Birmingham, Nathaniel Hart, aliyesemekana kutumia miaka mitano kutengeneza pingu moja, ndani yake kufuli za mtindo wa Bramah. Mwandishi wa gazeti akapanda jukwaani akamwita Houdini.

Watu zaidi ya 4,000. Waandishi zaidi ya 100. Saa tisa na robo alasiri ufunguo ukageuzwa, Houdini akaingia kwenye kibanda chake cha pazia, bendi ikaanza kupiga.

Dakika ya 22 akatoa kichwa. Watu wakaruka wakidhani ametoka, kumbe anataka kuziangalia pingu kwenye mwanga. Akarudi. Dakika ya 35 akatoka jasho likimvuja, anasema magoti yanauma, akapewa mto. Kama dakika ya 56 akatoka tena. Aliomba pingu zifunguliwe kidogo avue koti, joto limemzidi. Mwandishi wa Mirror akafikiri haraka: akifungua, Houdini ataona ufunguo unavyofanya kazi. Akakataa. Houdini akatoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua kwa meno, akalirusha koti lake juu ya kichwa na kulikata vipandevipande. Ukumbi ukalipuka.

Saa moja na dakika kumi bendi ikiwa inamaliza wimbo, akatoka mbio, pingu mkononi, zimefunguka. Wakambeba mabegani kama nahodha mwenye kombe. Alilia.

Mpaka leo watu wanabishana. Wapo wanaosema alikuwa na makubaliano na gazeti, yote yalipangwa ili pande zote mbili ziuze. Wapo wanaoamini mkewe alimpa msaada. Hakuna VAR ya 1904. Mimi kama mwandishi wa gazeti naliacha hapo, ila naona kitu kimoja: hata kama ilipangwa, kufanya watu 4,000 wasikae chini kwa dakika 70 wakitazama pazia tu ni ufundi wenyewe.

MWILI KAMA KIFAA

Baada ya hapo akazidi kupandisha kiwango. Mwaka 1908 akaanza kufungiwa ndani ya kopo kubwa la maziwa lililojaa maji. Mwaka 1912 akaanza kuning'inizwa kichwa chini ndani ya sanduku la kioo lenye maji. Watu wa Philadelphia waliwahi hata kumshonea ndani ya mpira mkubwa wa ngozi wa mchezo wao wa futiboli, akachomoka. Alikuwa na fundi wake Jim Collins, mtu wa mbao na chuma, ambaye karakanani alifanya kazi ambayo jina lake halikuandikwa kwenye mabango. Kila staa ana Collins wake, mtunza vifaa anayejua njumu ipi inavuja.

Agosti 5, 1926, akiwa na miaka 52, alifungiwa ndani ya sanduku la chuma chini ya maji kwenye bwawa la hoteli ya Shelton, New York. Alikaa saa moja na dakika 31 kwa hewa iliyokuwamo tu. Hakuwa na ujanja wowote. Alitulia, akapumua kidogokidogo. Miezi mitatu baadaye alikuwa kaburini.

MLANGO AMBAO HAUKUFUNGUKA

Oktoba 1926 mjini Albany kifundo cha mguu kilivunjika akiwa jukwaani. Madaktari walimtaka apumzike. Akaendelea na ziara. Oktoba 22 alikuwa Montreal, Kanada, amelala kwenye kochi chumba cha kubadilishia nguo. Akaingia mwanafunzi mmoja akamuuliza kama ni kweli anaweza kuvumilia ngumi za tumbo. Houdini akakubali, lakini kabla hajanyanyuka na kukaza misuli, kijana alikwishampiga mara kadhaa.

Jioni tumbo likaanza kuuma. Hakusema sana. Akapanda treni kwenda Detroit, njiani hali ikawa mbaya. Alipopimwa Oktoba 24 joto lilikuwa kama nyuzi 40. Daktari akashauri hospitali. Lakini ukumbi wa Garrick ulikuwa umejaa. Tiketi zimeuzwa. Houdini akapanda jukwaani, akafanya onyesho akiwa anatetemeka, akamaliza, akaanguka.

Hospitali walikuta kidole tumbo kimepasuka na usaha umesambaa tumboni. Wakati huo antibiotiki hazijaingia mahospitalini. Walimfanyia upasuaji, ikashindikana. Alifariki Oktoba 31, 1926 alasiri. Madaktari wengi leo hawakubali kwamba ngumi zenyewe zilisababisha ugonjwa. Inawezekana kidole tumbo kilikuwa tayari kimeanza, na zile ngumi zikampa sababu ya kudhani maumivu ni ya msuli tu, yatapita. Kilichomuua ni siku zile alizosema atavumilia.

Mtu aliyejua kila kufuli alilofungwa nalo hakutaka kufungua mdomo kusema anaumwa.

TURUDI BUNDA

Sasa lile jambo nililoahidi. Katika ile fainali ya ndondo, timu iliyofunguliwa stoo ilikuwa na beki wa kati, kijana wa Butiama. Kipindi cha kwanza niliona ameshika tumbo mara mbili. Mapumziko nikasikia wachezaji wakiambiana jamaa ana maumivu tangu usiku. Kocha akamuuliza, akajibu yuko fiti. Mashabiki walimwimbia. Alimaliza dakika zote, akaokoa mpira kwenye mstari dakika ya 88, timu yake ikachukua ng'ombe.

Mimi niliandika habari ile. Nilimwita chuma. Niliandika kwamba wachezaji wa leo wajifunze kwake, acheni kulia kwa maumivu madogo. Nilijisikia nimeandika vizuri.

Usiku uleule alipelekwa hospitali kwa bodaboda akiwa katikati ya watu wawili. Kidole tumbo. Walimfanyia upasuaji kabla hakijapasuka, wakasema angechelewa mpaka asubuhi ingekuwa stori nyingine. Yuko hai, anatembea, msimu mzima alikaa nje. Nilipokwenda kumuona alikuwa amelikunja gazeti lenye habari yangu chini ya mto. Alilipenda. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mkoa wa Mara tunapenda wanaume wagumu. Tulipokuwa Ligi Kuu na Biashara United, Uwanja wa Karume pale Musoma ulikuwa unamshangilia anayecheza na bandeji kichwani kuliko anayefunga. Tuliiona timu hiyo ikifika mpaka michuano ya Afrika mwaka 2021, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano. Tunajua uchungu wa mlango uliofungwa wakati umeshafanya kazi yote. Ndiyo maana kijana akipata nafasi hataki kuiachia, hata tumbo likimkata.

Lakini tumbo linalouma upande wa kulia chini, homa, kutapika, hayo hayavumiliwi. Kocha wa ndondo, kapteni, mwenye timu, na sisi wenye kalamu, tumtoe mtu nje. Mechi ipo Jumamosi ijayo.

Na kuhusu yule mzee fundi baiskeli. Ufundi wake nchi nyingine ni mchezo kamili. Ujerumani kuna klabu ya watu hao tangu mwaka 1997, wana mashindano, wana saa, wana waamuzi, wanachonga vifaa vyao wenyewe nyumbani. Sheria zao ni mbili na ni rahisi: usiguse kufuli isiyo yako bila ruhusa ya mwenyewe, na usichezee kufuli inayotumika mlangoni. Anayevunja ya kwanza si mwanamichezo, ni mwizi kama wezi wengine. Mzee wetu aliifuata hiyo ya kwanza bila kufundishwa. Aliitwa na wenye mlango, alifungua mbele ya watu wote, akaondoka na hela ya soda.

Juzi nilipita sokoni Bunda nikamkuta anaunga mnyororo wa baiskeli. Nilimsimulia habari za Houdini kwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama yule beki amepona. Nikamwambia amepona. Akarudi kwenye mnyororo wake.